Mwongozo kamili: kujenga nadharia ya mwitaji na waitwa wake isiyoporomoka sasisho likitoka

Kila toleo kubwa la gemu linapokaribia, mambo huwa ni yale yale. Mchezaji anatangaza kwamba safari hii klasi ya mwitaji, yaani aina ya mhusika anayeita viumbe (waitwa) wampiganie, itapewa joka. Ushahidi wake ni kwamba joka ameonekana kwenye trela kwa sekunde mbili. Toleo linatoka, joka ni bosi wa kupigwa, na mwitaji ameambulia skili moja ya kuponya. Baada ya wiki mchezaji yule yule anaanza upya, mara hii na ndege wa moto.

Nimesoma nadharia nyingi za namna hiyo na nimeandika zangu mbovu za kutosha. Zangu na za wenzangu huangukia shimo moja: tunaanza na kiumbe tunayemtamani, halafu tunamtafutia sababu. Hapa tutakwenda kinyumenyume. Tutaanza na nafasi iliyo wazi kwenye klasi, na kiumbe mwenyewe hatutamgusa hadi hatua ya sita. Ukiona unachelewa kufika kwake, ujue uko kwenye njia sahihi.

Vitu vya kuandaa

- Gemu moja tu. Nadharia inayochanganya gemu tatu haiwezi kupimwa na yoyote kati yake.
- Mhusika wa mwitaji uliyemchezesha kwa mikono yako mwenyewe hadi leveli za juu. Video haitakufundisha pale skili inapokwama kidoleni.
- Orodha rasmi za mabadiliko ya klasi hiyo, kuanzia toleo la kwanza hadi la mwisho.
- Maandishi yaliyomo ndani ya gemu: maelezo ya skili, mazungumzo ya misheni za klasi, na vitabu vinavyookotwa njiani.
- Daftari lenye safu tatu: *nilichoona*, *ninachodhani*, na *kitakachonionyesha kuwa nimekosea*.
- Siku mbili zisizo na haraka.

Huhitaji faili zilizochimbuliwa kutoka kwenye programu ya gemu. Ukiacha kwamba gemu nyingi hukataza jambo hilo kwenye masharti yao, majina ya viumbe walioachwa njiani hukaa humo miaka na miaka kama samani kwenye stoo. Kumkuta humo hakuthibitishi kwamba anakuja.

## Hatua ya 1: Amua neno "mwitaji" lina maana gani katika gemu yako

Neno hili hudanganya. Kwenye League of Legends, zamani "summoner" alikuwa ni wewe mchezaji, uliyesimuliwa kama mchawi anayewaita mashujaa uwanjani. Mwaka 2014 watengenezaji waliitupa simulizi hiyo. Jina likabaki kwenye ramani ya Summoner's Rift, lakini maana yake ya kale imekwisha kazi. Ukijenga nadharia juu yake leo, unajenga juu ya msingi uliokwisha kung'olewa.

Kwa upande wa pili, klasi inaweza kuita viumbe bila kubeba jina hilo. Warlock wa World of Warcraft huita mapepo, Necromancer wa Diablo huinua mifupa, na Mesmer wa Guild Wars 2 hutoa vivuli vinavyofanana naye mwenyewe.

Andika sentensi moja inayomweleza mwitwa wa gemu yako ni kitu gani. Kwa kawaida ataingia katika mojawapo ya makundi manne: aliyefungwa kwa mkataba, maiti aliyeinuliwa, nakala ya nguvu ya kiumbe mkubwa zaidi, au kiini macho. Tofauti hiyo itakusumbua baadaye usipoimaliza sasa, kwa sababu maiti hana hiari ya kukataa, ila pepo wa mkataba anaweza kugeuka.

Umefaulu ikiwa: mtu asiyecheza gemu hiyo akisoma sentensi yako anaweza kukuambia mwitwa ametoka wapi na ataenda wapi akimaliza kazi.

## Hatua ya 2: Chora mkataba

Wengi huiruka hatua hii, nami kama ningeruhusiwa kubaki na moja tu ningebaki nayo. Jiulize: nani analipa, analipa nini, na analipa lini?

Kwenye Final Fantasy XI, iliyotoka mwaka 2002, mwitwa akiwa amesimama pembeni yako anakula mana yako, yaani akiba yako ya nguvu za uchawi, muda wote. Gharama haiishii kwenye kumwita. Kumweka kwenyewe ni gharama, kwa hiyo mwitaji mzuri ni yule anayejua wakati wa kumfukuza. Na ili umpate baadhi yao unapaswa kwanza upite jaribio la kupambana naye.

Kwenye Guild Wars ya mwaka 2005, mwita-maiti anahitaji maiti, na kila anayemwinua anaanza kuoza. Uhai wake unapungua, na kadiri anavyokaa ndivyo unavyopungua kwa kasi zaidi. Malipo hapo ni muda: jeshi lako ni barafu juani.

Path of Exile ina mtindo mwingine. Ukimwinua adui aliyekufa kama "spectre", anakuja na uwezo aliokuwa nao akiwa hai. Kwa hiyo bei ni kuwinda: lazima umjue adui unayemtaka, ukamtafute, upate maiti yake. Katika Diablo IV, Necromancer anaweza hata kuamua asiite mifupa kabisa, akawatoa kafara ili nguvu yao imrudie yeye. Nadharia inayosema "Necromancer lazima awe na jeshi" imekufa hapo hapo.

Kwa nini bei ina maana kubwa hivi? Kwa sababu inakuonyesha watengenezaji wanaogopa nini. Bei ya mana inaonyesha hofu ya mwitwa kukaa uwanjani muda mrefu. Bei ya kuoza inaonyesha hofu ya jeshi kurundikana. Nadharia yako ikimleta kiumbe anayeivunja hofu hiyo bila kulipa, itakataliwa, hata awe mzuri namna gani.

Tahadhari: tenganisha bei ya simulizi na bei ya uchezaji. Kwenye Final Fantasy XIV, simulizi inasema viumbe wakubwa waitwao "primal" huja kwa maombi ya waumini na rundo la fuwele, na wanaowaabudu hutekwa akili. Sasa angalia mwitaji unayemchezesha: hana waumini, habebi fuwele, na akili yake ni timamu. Simulizi ina jibu, kwamba yeye huunda umbo kutokana na masalia ya nguvu ya primal aliyekwisha kumshinda. Ukisahau kutenganisha hizo mbili, utaandika kurasa tano kuhusu mwitaji anayepoteza akili, jambo ambalo gemu imekwisha kulifungia mlango.

Umefaulu ikiwa: una mistari miwili, mmoja wa bei ya simulizi na mmoja wa bei ya uchezaji, na unaweza kuonyesha kila mmoja umeusoma wapi.

## Hatua ya 3: Tafuta nafasi iliyo wazi, kisha uipime

Chukua orodha za mabadiliko uchore mstari wa miaka. Nitatumia Final Fantasy XIV, kwa sababu mashabiki wake walitoa nadharia nzuri kweli kweli iliyoanguka, na kuanguka kwake kunafundisha kuliko nadharia kumi zilizobahatisha.

Mwaka 2013 mwitaji alikuwa na waitwa watatu wadogo waliotokana na Ifrit, Titan na Garuda: moto, ardhi na upepo. Mwaka 2017 akaja kiumbe mkubwa, Bahamut. Mwaka 2019 akaja mkubwa mwingine, Phoenix. Mwishoni mwa 2021 klasi nzima ilisukwa upya: sumu zake za kuua taratibu ziliondolewa, na wale watatu wa mwanzo wakapewa maumbo yao makubwa.

Mashabiki wakatazama wakasema: moto upo, ardhi ipo, upepo upo. Maji, umeme na barafu viko wapi? Primal wa asili hizo, yaani Leviathan, Ramuh na Shiva, wote watatu walikwisha kushindwa na mchezaji tangu 2014, kwa hiyo sharti la simulizi limetimia. Toleo la 2024 lazima lilete watatu hawa.

Toleo lilikuja na Solar Bahamut, yaani Bahamut katika umbo jipya.

Walikosea wapi? Nafasi waliyoiona ilikuwa ya meza: viti sita, watatu wamekaa, vitatu vitupu. Hawakupima nafasi ya saa. Mzunguko wa mwitaji huyu, yaani mpangilio wa mashambulizi anaourudia vitani, huenda kwa dakika moja. Sekunde 15 ni za kiumbe mkubwa, na sekunde 45 zinazobaki wanagawana Ifrit, Titan na Garuda. Dakika imejaa pomoni. Kuwaongeza watatu wengine kungelazimisha kuwafukuza waliopo au kuwabadilisha kwa zamu. Tena, katika miaka yote ile hakuna toleo hata moja lililomwongezea asili mpya: kwa kawaida mkubwa aliongezwa au wadogo waliboreshwa.

Kwa hiyo pima nafasi mara mbili. Mara ya kwanza kwa simulizi: je, kuna kiumbe ambaye kutokuwepo kwake kunaonekana? Mara ya pili kwa vidole: wakati wa mapigano, kuna sekunde, kitufe au rasilimali isiyotumika? Ingia uwanjani, piga sanamu ya mazoezi kwa dakika tano, uandike kila sekunde ambayo huna la kufanya.

Tahadhari: nafasi ikionekana kwenye kipimo kimoja tu, usiitupe, ila ipunguzie uzito. Mimi huiandika kwa penseli.

Umefaulu ikiwa: unaweza kusema kiumbe mpya angeingia *sekunde ipi* na angeondoa nini.

## Hatua ya 4: Chungulia kwa majirani

Nafasi inaweza kuwa wazi kwako na tayari ina mwenyewe. Mwaka 2008 Warlock wa World of Warcraft wa tawi la Demonology alipewa uwezo wa kujigeuza pepo. Mwaka 2016 ilipoletwa klasi ya Demon Hunter, uwezo huo ulihamia huko, na Warlock akarudishwa kwenye kuita makundi ya mapepo. Aliyekuwa akitabiri maumbo zaidi ya pepo kwa Warlock alikuwa sahihi kuhusu uwezo, akakosea mwenye nao.

Pitia klasi nyingine zote na uweke alama kwa yeyote anayegusa kiumbe, asili au silaha unayoifikiria. Kazi ya nusu saa tu.

## Hatua ya 5: Mpime uzito kwa seva

Gemu ya mtandaoni ina wachezaji wengi kwenye skrini moja. Kila mwitwa anayetembea lazima atafutiwe njia, achorwe, ahesabiwe mapigo, na asizuie wengine kuona alama za hatari sakafuni. Zidisha hayo kwa kikosi kizima cha waitaji ndipo utaelewa kwa nini waitwa wengi wa siku hizi huja, hupiga, na kutoweka.

Kwa hiyo muulize kiumbe yeyote atakayeijaza nafasi yako maswali haya: atatembea au atasimama? Atapigwa na kufa, au hagusiki? Ana ukubwa gani akisimama kati ya bosi na macho ya wenzako? Waitaji wanne wakimwita kwa pamoja, itakuwaje?

Swali la mwisho ndilo linaloua nadharia nyingi. Mazimwi manne yenye ukubwa wa jengo katika chumba kimoja hayapendezi, hata kama kila mmoja wetu anamtaka wake.

Umefaulu ikiwa: umeandika kwa sekunde kiumbe atakaa uwanjani muda gani, na umetoa sababu.

## Hatua ya 6: Sasa mchague kiumbe

Una sentensi ya maana, mkataba, nafasi, majirani na uzito. Waweke wagombea wako watatu hadi watano kwenye jedwali, uwapitishe kwenye kila kichujio. Wengi watakufa kwenye mkataba. Wanaobaki ndio wa kujadiliwa.

Kumbuka tu kwamba simulizi hutoa ruhusa, haitoi amri. Kauli ya "alishashindwa, basi ataitwa" ni ruhusa iliyovishwa nguo za amri.

Mtego mwingine ni asili ya jina. Sisi wasomaji wa Kiswahili tunaingia humo kirahisi, kwa sababu baadhi ya majina tunayajua tangu utotoni. Ifrit ni yule yule afriti wa hadithi, jini mkali, na kwa bahati gemu imemwacha na moto wake. Ukitiwa moyo na hilo ukamfuata Bahamut kwa njia ile ile, utapotea: katika simulizi za kale za Kiarabu, Bahamut ni samaki mkubwa ajabu aliyebeba dunia. Kwenye gemu ni joka wa angani. Shiva naye kwenye Final Fantasy ni mwanamke wa barafu, mbali kabisa na mungu wa Kihindu mwenye jina hilo. Watengenezaji huazima jina, wakaacha mzigo wake mlangoni. Tumia asili ya jina kama kiungo, usiitumie kama mlo.

(Niliwahi kumtabiri mwitwa mpya kutokana na picha moja ya skrini ya kusubiria. Pembe, mabawa, mwanga machoni, kila kitu kilikuwepo. Alitoka kweli. Alikuwa mnyama wa kupanda.)

Umefaulu ikiwa: unaweza kutaja mgombea uliyempenda na ukamwondoa mwenyewe. Kama kipenzi chako ndiye mshindi tangu mwanzo hadi mwisho, rudi hatua ya 2 umwombe mwenzako akusomee mkataba.

## Hatua ya 7: Iandike kwa sentensi inayoweza kuuawa

Nadharia mbovu: "Nahisi mwitaji atapata kitu kikubwa sana kinachohusiana na giza." Hiyo haiwezi kukosea, na kwa sababu hiyo hiyo haisemi kitu.

Nadharia nzuri ina sehemu tatu: sababu, tarajio, na kifo. Mfano, nikiendelea na mwitaji wa Final Fantasy XIV:

> Kwa kuwa dakika yake imejaa, na kwa kuwa hakuna toleo lililowahi kumwongezea asili mpya, natarajia toleo kubwa lijalo liboreshe awamu zilizopo. Nitakuwa nimekosea iwapo Leviathan, Ramuh au Shiva atapata kitufe chake.

Haisisimui, nakiri. Lakini siku toleo likitoka, itachukua sekunde tano kujua kama nilikuwa sahihi.

Ongeza namba ya uhakika, kati ya 1 na 10. Usiandike 10. Na usiandike 5 kila mara, maana 5 ni kujificha. Kwa nadharia hiyo hapo juu mimi ningeandika 7. Zile tatu zilizobaki ni kwa sababu klasi hii ilishawahi kusukwa upya mara moja, na klasi inaposukwa upya kila kipimo cha hatua ya 3 hufutika.

Tahadhari: ukishaiandika usiiguse. Kuongeza "au pengine" baada ya trela kutoka ni kuhamisha goli mpira ukiwa hewani.

## Hatua ya 8: Mtafute mpinzani mwenye klasi nyingine

Mwonyeshe mchezaji asiyependa waitaji. Mpenzi wa klasi yako atakusifia kwa sababu na yeye anamtaka joka. Anayecheza mlinzi wa kikosi atakuuliza mara moja, "Na huyo zimwi wako atanizibia alama za sakafuni?" Mjibu kwa maandishi. Usipoweza, rudi hatua ya 5.

## Hatua ya 9: Hesabu baada ya toleo

Siku ya toleo, kabla hujaingia kucheza, fungua daftari na usome safu ya tatu. Weka alama: imepona, imekufa, au bado haijaamuliwa. Kisha tafuta hatua iliyokuangusha na uiandike kwa jina: mkataba, nafasi, jirani au uzito.

Baada ya nadharia nne au tano utaona unaangukia pale pale kila mara. Mimi huangushwa na majirani. Nikishapenda nafasi, sichungulii kwa mwingine. Siku hizi hatua ya 4 naifanya mara mbili, ya pili nikiwa nimekwisha kuandika sentensi ya mwisho, na daftari la toleo lililopita likiwa wazi pembeni.